Maroboti ya Kugeuka kwenye Meza ya Fundi Simu

Kazi inayonilisha ni simu: vioo vilivyopasuka, tundu za chaji zilizolegea, spika zilizokunywa maji ya ziwa. Meza yangu iko jirani na Makoroboi hapa mjini Mwanza, na mteja akikaa kwenye kigoda kusubiri, macho yake lazima yatue kwenye roboti jekundu na buluu lililosimama kando ya bisibisi zangu. "Fundi, hili la mtoto?" Zamani nilikuwa najieleza. Siku hizi najibu kwamba ni langu, na kama ana muda namwonyesha linavyogeuka lori. Yaliyobaki yako nyumbani kwenye kabati la vyombo. Mama Kulwa ameshakubali yaishe. Sahani zake amezihamishia jikoni.

Vijana wengi wanayajua maroboti haya kupitia zile filamu za Transformers zilizoanza 2007, ambazo roboti likigeuka vyuma elfu vinazunguka hewani na huoni kipi kimeenda wapi. Hizo hazinigusi sana. Mimi ni wa yale ya zamani, ambayo unaweza kumwonyesha mtu kwa kidole: mlango huu ndio mkono, boneti ndiyo kifua, magurudumu ya nyuma yapo kwenye vifundo vya miguu. Kuna mtu alikaa akalifikiria hilo, na ukiwa na subira unaweza kumfuata alikopita.

Sisi tuliokulia Bara katuni hizi hazikutufikia kwa wakati wake. Zilipoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1984, huku hapakuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Sisi tulisubiri mpaka 1994. Kilichotufikia ni kanda za video, tena zilizokwisha kuchoka. Mtaani kwetu Mabatini kulikuwa na kibanda cha video, mabenchi ya mbao na jenereta nje, na mwenye kibanda alikuwa na tabia ya kuweka kipande cha katuni kabla ya picha ya ngumi, watu wakiendelea kuingia. Mistari ilikuwa inapita kwenye skrini, Kiingereza chenyewe hatukijui, lakini lile lori jekundu lilipoinuka likakunjuka likawa mtu, kibanda kizima kililipuka kama Pamba wamefunga goli Kirumba. Jina la lori sikulijua kwa miaka mingi. Tulikuwa tunaliita "Lori" tu, na wabaya wote tuliwaita "Ndege".

Mdoli wenyewe niliushika nikiwa tayari mtu mzima mwenye familia. Ilikuwa Mlango Mmoja, kwa mama mmoja anayefungua belo za midoli ya mitumba. Chini ya lundo la vichwa vya wanasesere na magari yasiyo na matairi nikaona bawa la ndege. "Kaka, hilo chukua elfu mbili," akaniambia, "limekakamaa, halifunguki wala halifungi." Nililichukua hivyo hivyo lilivyokakamaa. Usiku nikaliweka chini ya taa ya kazini, nikalisafisha kwa mswaki na spiriti, na kitu cha kwanza kilichonishangaza hakikuwa roboti. Kioo cha rubani kilikuwa kinafunguka, na ndani yake mlikuwa na kiti. Kiti kizima, kidogo kuliko ukucha, kilichochongwa vizuri na mgongo wake. Sasa kwenye hadithi ndege hii ni Starscream, roboti lenye uhai wake, lenye wivu na maneno mengi. Hakuna rubani. Kiti ni cha nani?

Jibu la swali hilo ndilo lililonifanya niwe mgonjwa wa mambo haya. Kampuni ya Takara ya Japani ilikuwa na safu mbili za midoli. Ya kwanza, Diaclone, ilianza 1980: magari, ndege na mashine zilizoendeshwa na vijitu vidogo vyenye sumaku miguuni. Ya pili, Micro Change ya 1983, ilikuwa na vitu vya kawaida kwa ukubwa wake halisi: kaseti, kamera, bastola. Hasbro ya Marekani ilizichukua zote mbili, ikaziunganisha kwenye hadithi moja mwaka 1984, ikaziita Transformers. Hadithi mpya ilisema maroboti yana uhai na yanajiendesha yenyewe. Vijitu havikusafiri, lakini viti vilibaki, kwa sababu kubadilisha moldi, yaani kalibu la plastiki, ni gharama na hadithi ni maneno tu.

Hapo ndipo mambo mengi yaliyokuwa yakinikera yalipokaa sawa. Kwa nini Optimus Prime, lile Lori letu la kibandani, ni lori zima la trela, halafu adui yake mkubwa Megatron anageuka bastola ya kushikwa na mtu mwingine? Kwa nini Soundwave ni redio kaseti na watumishi wake wanatoka tumboni mwake kama kanda? Ukubwa haulingani hata kidogo. Jibu ni kwamba mmoja alitoka Diaclone na wenzake wakatoka Micro Change, wakakutanishwa ukubwani. Majina na tabia vilikuja baadaye, Marekani, kwenye ofisi za Marvel, wachapishaji wa vitabu vya katuni: jina la Optimus Prime lilitoka kwa Dennis O'Neil, na sehemu kubwa ya majina mengine pamoja na zile tabia zilizoandikwa nyuma ya maboksi ni kazi ya Bob Budiansky. Mtu alipewa rundo la midoli ya kigeni akaambiwa ampe kila mmoja roho. Kwangu hilo linastahili heshima kama ya waliochora maungio.

Nirudi kwenye maungio, maana hapo ndipo penye mkate wangu. Chukua bega. Kwenye midoli mingi ya aina hii bega linashikwa na pini nyembamba ya chuma, ya milimita mbili hivi. Ukiimulika vizuri utaona ncha moja ina vijimeno vya urefu, nyingine ni laini. Vile vijimeno vinauma plastiki ili pini isitembee. Kwa hiyo pini inasukumwa kutoka upande laini, vijimeno vitangulie nje. Ukisukuma kinyume, vijimeno vinapita tundu zima vikilikwangua, na ukirudisha pini haikamati tena. Plastiki ikiwa ya zamani inapasuka palepale. Pini ikiwa imepotea, au imeliwa na kutu, mimi natumia kipande cha spoku ya baiskeli. Nakisugua kwa tupa mpaka kiingie kwa kubana kidogo, ncha yake naiuma kwa plaizi ipate mikwaruzo ya kushikia, nakigonga taratibu na nyundo ndogo. Spoku kwa Mwanza haikosekani, na haijawahi kuniangusha.

Kiungo cha tufe kilicholegea, yaani kile chenye kichwa cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe, kinachofanya roboti liiname lenyewe kama limechoka, dawa yake ni rangi ya kucha ile isiyo na rangi. Tabaka moja jembamba juu ya tufe, uliache likauke kabisa, ndipo ulirudishe. Wengi wanakimbilia supa gluu. Supa gluu ina mvuke, na mvuke huo unaacha ukungu mweupe kwenye kioo na kwenye sehemu zinazong'aa, na tone likiingia kwenye kiungo umeshakifunga moja kwa moja. Halafu kuna plastiki za rangi ya dhahabu zenye mng'ao wa unga unga, za mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelea. Hizo usizikunje hata kama unaziona nzima. Zinazeeka kwa ndani, hata zikiwa kwenye boksi, na siku ukizigusa zinavunjika vipande. Nikikuta moja kwenye belo nainunua ya kutazama tu.

Jua nalo halina huruma. Plastiki nyeupe ikikaa dirishani inakuwa njano kama meno ya mvuta sigara. Ukikaa jirani na ziwa una tatizo lingine ambalo wakusanyaji wengi wa nchi nyingine hawalijui: vile vijidudu vinavyoinuka ziwani kama wingu, vikaingia kila penye mwanga. Asubuhi unavikuta ndani ya kifua cha roboti. Kabati la kioo linasaidia kidogo, brashi ya rangi ya ukutani inasaidia zaidi.

Jambo kubwa zaidi nililolipata kwenye kazi hii ni mpangilio. Mdoli mzuri wa kugeuka una njia moja. Miguu kwanza, ndipo kiuno kizunguke, ndipo mikono ipate nafasi ya kujificha. Ukiruka hatua unakwama, na ukikwama unapata kishawishi cha kutumia nguvu. Sasa hivi dogo akija kwangu kujifunza ufundi simfungulii simu ya mteja. Nampa roboti na namwambia aligeuze gari, halafu alirudishe, bila karatasi ya maelekezo. Wa mwisho kuja alihangaika mpaka jasho likamtoka.

"Kaka, hili limegoma."

"Halijagoma. Umeruka hatua. Rudi nyuma mpaka pale lilipokuwa linatembea lenyewe."

Akarudi nyuma, tena na tena, mpaka akaona kwamba kichwa kilitakiwa kuzama kabla kifua hakijafunga. Yule kijana leo anafungua simu bila kukata waya hata mmoja, na skrubu anazipanga kwenye karatasi kwa umbo la simu yenyewe. Mwingine, aliyekuja kabla yake, alilivunja roboti mguu ndani ya dakika chache akacheka. Huyo nilimshauri akajaribu bodaboda.

Mtu ninayemheshimu kuliko wote katika mambo haya ni Shoji Kawamori. Alishiriki kuchora mashine za Diaclone, na 1982 ikatoka Macross, katuni ambayo yeye ni mmoja wa walioibuni, yenye ndege ya kivita iitwayo VF-1 Valkyrie. Ndege hiyo inageuka roboti, hilo limezoeleka. Alichofanya Kawamori ni kuusimamisha mkao wa katikati, pale ambapo ndege imeshatoa miguu na mikono lakini bado ni ndege, akaupa jina na kazi yake vitani. Wengine wanaona hapo katikati ni pa kupita tu. Yeye aliona panafaa kukaa. Nimesoma kwamba huwa anajaribu maungio yake kwa vipande vya Lego kabla ya kuchora mwisho, na ninaamini, maana miundo yake haina mahali ambapo mchoro unadanganya. Mdoli wa Valkyrie uliotengenezwa na kampuni ya Takatoku ndio Hasbro waliuchukua wakauita Jetfire. Kwenye katuni ya Transformers hawakuweza kuuonyesha ulivyo, kwa sababu za haki miliki, wakamchora mtu tofauti na kumwita Skyfire. Ukiona mtu anabishana kwamba hao ni wawili, mwache, atachoka mwenyewe.

Katuni zenyewe za Kijapani nilizipata baadaye sana, kwenye flashi. Nilianza na Mazinger Z ya 1972. Kabla yake kulikuwa na maroboti makubwa, kama Tetsujin 28, lililoendeshwa kwa rimoti na mtoto aliyesimama pembeni. Go Nagai, aliyeibuni Mazinger Z, akamweka kijana ndani ya kichwa cha roboti lenyewe. Mwenyewe amesimulia kwamba wazo lilimjia kwenye foleni ya magari, akiwaza jinsi madereva walivyotamani gari liote miguu liwaruke wenzake. Aliyewahi kukwama kwenye daladala kutoka Buhongwa jioni hahitaji maelezo zaidi.

Halafu Gundam ya Yoshiyuki Tomino, 1979. Hapa roboti si mungu. Ni kifaa cha jeshi. Kinaishiwa risasi, kinaharibika, kinahitaji vipuri na watu wa kukitengeneza. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza haikuvuta watazamaji, mdhamini wa midoli hakuridhika, ikakatwa ikaishia sehemu ya 43. Mwaka 1980 kampuni ya Bandai wakatoa vipande vya plastiki vya kuunga mwenyewe, vile vya kipimo cha 1/144 kwa yeni 300, na vijana wakavigombania mpaka katuni ikafufuka. Yaani kilichoshindwa kuuzwa kama mdoli uliokamilika kiliuzwa kama kazi ya mikono. Mimi hilo halinishangazi hata kidogo.

Na kama unataka kujua ninayoipenda kuliko zote, ni Patlabor ya 1988. Maroboti ya polisi. Yanabebwa kwenye malori, yanachafuka, bajeti inakosekana, mafundi wanagombana na madereva wanaoyaharibu. Kuna mkuu wa karakana, mzee mkali, anawafokea vijana kwa kurudisha mashine ikiwa imebonyea. Niliicheka mpaka Mama Kulwa akatoka chumbani. "Baba Kulwa, huyo mzee si wewe?"

Mzigo mmoja sijawahi kuutua. Wote hawa waliishi kwa biashara. Kwenye filamu ya katuni ya 1986 Optimus Prime aliuawa kwa sababu kulikuwa na midoli mipya ya kuuza na ya zamani ilibidi ipishe rafu. Watoto walilia kwenye kumbi za sinema, wazazi wakalalamika, na 1987 wakalazimika kumfufua. Kuna wanaosema basi hadithi zote hizi ni tangazo refu. Sikubali, ingawa nusu ya hoja yao ni kweli. Peter Cullen, aliyempa Optimus sauti, ameeleza kwamba alipokwenda kwenye usaili kaka yake, askari aliyepigana Vietnam, alimwambia awe na nguvu ya kutosha kuweza kuwa mpole. Akaisoma sauti ile kwa kumfikiria kaka yake. Kampuni ilitaka kuuza lori la plastiki. Ndani ya lori mtu akamweka ndugu yake. Vyote viwili vilitokea kwa pamoja na sioni sababu ya kuchagua kimoja.

Mwaka huu alinijia mzee mmoja kutoka Ukerewe, fundi wa mitumbwi, ameshuka na meli ya Nansio akiwa na mfuko wa rambo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Mjukuu wangu halali. Nimeambiwa wewe unatibu haya madude."

Lilikuwa gari la polisi, bega limetoka, pini haipo. Wakati nakata spoku yeye alilichukua lile roboti langu la mezani, akalishika mkononi bila kuligeuza. Akalizungusha, akalitazama chini, akabonyeza kidogo hapa na pale kusikia panapoachia. Kisha akaligeuza lori, polepole, hatua kwa hatua, bila kukwama. Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo mara ya kwanza, na wameshalishika vijana wengi wenye simu za mamilioni.

"Mzee, umewahi kuwa nalo?"

"La! Naliona leo." Akaliweka mezani. "Lakini aliyelichonga alianzia mwisho. Alilichonga gari, halafu akatafuta mtu yuko wapi humo ndani. Mtumbwi nao hivyo hivyo, unauona kwenye mti kabla hujakata."

Sikumtoza pesa ya bega. Aliniachia sato wawili waliokaushwa, na akaniuliza kama hilo lori ninaliuza. Siliuzi, lakini kwa mara ya kwanza nilifikiria.

Kwa sasa nahangaika na mtu mgumu. Kuna mteja wa Sengerema ameniletea Devastator, yule wa 1985 wa kijani, anayeungana kutokana na mitambo sita ya ujenzi: tingatinga, winchi, kijiko, malori. Mitambo yote sita ipo na inageuka vizuri, nimeshaikaza moja moja. Tatizo ni vile vipande vidogo vya kuunganishia, ambavyo watoto huvipoteza siku ya kwanza kwa sababu havina sura ya kitu chochote. Mkono wa kushoto hauna ngumi, na kifua hakina ngao. Nimewaambia akina mama wote wa belo Mlango Mmoja na Soko la Sabasaba wanihifadhie chochote cha kijani au zambarau hata kama kinaonekana takataka. Ngumi naweza kuichonga. Ngao ndiyo inayonisumbua, kwa sababu nafasi yake haina uvumilivu hata wa nusu milimita. Mwenye nayo aje nayo Makoroboi, tutaelewana bei.